Ing'oe Betri Kabla Haijaila Mazabodi

Kama una kompyuta ya 286, 386 au 486 iliyowekwa kabatini, stoo au chini ya meza ya ofisi, ifungue wiki hii. Usisubiri upate kibodi yake, wala skrini, wala muda wa kuitengeneza yote. Fungua kasha, tafuta betri iliyochomelewa kwenye mazabodi, uitoe. Mengine yote niliyoyaandika hapa yanaweza kungoja mwezi au mwaka. Hilo moja haliwezi.

Nasema hivyo kwa sababu mazabodi nyingi za zama zile hazikufa kwa kutumika. Chipu zake zilitengenezwa kwa uimara wa kustahili heshima, na nyingi zingali hai baada ya miaka thelathini na zaidi. Zilizokufa, nyingi zimekufa zikiwa zimezimwa, tena mikononi mwa watu waliozithamini. Walizifunika nailoni, wakaziweka mahali pa juu, wakaamini wamezihifadhi. Kumbe ndani ya kasha kuna kifaa kimoja ambacho hakizimwi kwa swichi, nacho kiliendelea kuchoka, kupasuka na kumwaga sumu yake juu ya njia za shaba. Ndiyo maana kompyuta nzuri iliyotunzwa miaka ishirini bila kufunguliwa hunitia wasiwasi kuliko ile chakavu ambayo fundi alishaipekua.

Betri hiyo ilifikaje humo? IBM ilipotoa PC AT mwaka 1984, iliweka chipu ya saa ya Motorola, MC146818, yenye kumbukumbu ndogo ya kutunza tarehe na maelezo ya mashine: ina disketi za aina gani, hadi diski ya ukubwa gani, kumbukumbu kiasi gani. Ili maelezo hayo yasifutike umeme unapozimwa, chipu ililishwa na betri. IBM yenyewe ilitumia betri ya lithiamu iliyokaa pembeni, ikaunganishwa na mazabodi kwa waya. Watengenezaji wengi waliofuata, hasa wa Taiwan, walichagua betri ya nikeli na kadimiamu inayochajiwa kila kompyuta inapowashwa, wakaichomelea moja kwa moja juu ya mazabodi. Mnunuzi akawa hana cha kubadilisha wala cha kukumbuka. Kwa miaka michache ya mwanzo uamuzi huo ulikuwa mzuri. Hesabu yake haikuwa ya miaka thelathini.

Utaitambua haraka. Ni ya mviringo, urefu wake sentimita mbili hivi, imevishwa plastiki ya buluu au ya kijani, na mara nyingi imeandikwa 3.6V na 60mAh. Jina linaloonekana zaidi ni Varta, kampuni ya Ujerumani. Ndani ya plastiki mna seli tatu za volti 1.2 zilizopangwa zikifuatana. Mara nyingi hukaa kwenye kona ya nyuma, karibu na tundu la kibodi na chipu inayoiongoza kibodi. Mahali hapo pana maana yake: mazabodi iliyovujiwa mara nyingi huanza kwa kuikataa kibodi.

Sasa tuijue sumu yenyewe, maana hapa wengi hukosea kwa kuwa wamezoea betri ya gari. Betri ya gari ina asidi. Hii ina hidroksidi ya potasiamu, alkali kali ya ukoo mmoja na kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Ukiimwagia magadi au baking soda kama unavyofanya kwenye vichwa vya betri ya gari, unaongeza alkali juu ya alkali. Kinachoituliza ni asidi dhaifu, na asidi dhaifu iliyo karibu na kila mtu ni siki nyeupe.

Namna inavyotoka ni hivi. Betri ikikaa miaka bila kuchajiwa, saa huendelea kuinyonya mpaka imalizike. Seli iliyo dhaifu kuliko wenzake husukumwa kinyume, gesi hujaa ndani, na kizibo ambacho nacho kimezeeka huachia. Alkali hutoka kidogo kidogo. Hutambaa hasa kwenye mguu wa hasi, hushuka hadi kwenye solda, huzama katika vitobo vinavyounganisha tabaka za mazabodi, kisha hupenya chini ya ile rangi ya kijani inayolinda shaba. Ikikutana na hewa, hunyonya kaboni dioksidi na kugeuka unga mweupe. Ikikutana na shaba na unyevu, hutoa kutu ya kijani na buluu. Solda iliyokuwa inang'aa hufifia ikawa ya kijivu, na hata ukiigusa kwa pasi ya solda haiyeyuki vizuri. Kama mazabodi ilihifadhiwa ikiwa imesimama, kama ilivyo ndani ya kasha la mnara, alkali hufuata mteremko, na unaweza kukuta madhara kwenye nafasi za kadi zilizo mbali na betri yenyewe.

Kwa walioko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, haraka ni kubwa zaidi. Hidroksidi ya potasiamu huvuta maji kutoka hewani, na hewa ya pwani ina maji tele na chumvi juu yake. Kilichovuja hubaki na unyevu muda mrefu, na shaba huliwa muda wote huo.

Je, betri isiyo na dalili yoyote? Nayo itoe. Plastiki inaweza kuwa safi juu huku chini yake, palipofichwa na betri yenyewe, pameshakuwa kijani. Nimeona betri zinazong'aa kama mpya zikiinuliwa na kuacha doa jeusi chini yake. Betri ya nikeli na kadimiamu yenye umri huu haina tena sababu ya kuaminiwa.

Kabla hujakata chochote, angalia kama kuna maelezo ya kuokoa. Kompyuta ikiwa safi na bado inawaka, iwashe, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio (kwenye BIOS nyingi za AMI ni kwa kubonyeza Del mwanzoni), uandike kila kitu kwa kalamu au ukipige picha. La muhimu kuliko yote ni vipimo vya hadi diski: idadi ya silinda, vichwa na sekta. BIOS nyingi za zamani haziitambui diski zenyewe. Zinataka uchague namba ya aina, 1 hadi 46, au utumie namba 47 na kujaza vipimo kwa mkono. Ukiviacha vipotee, barua, hesabu na orodha zilizomo zitabaki kwenye diski nzima kabisa ambayo mashine haijui namna ya kuisoma. Kama vimeshapotea, soma lebo iliyobandikwa juu ya diski, maana mara nyingi vimechapishwa hapo. Kwa ofisi, shule au parokia iliyokuwa ikitunza kumbukumbu zake kwenye mashine ya namna hii, karatasi hiyo moja inaweza kuwa na thamani kuliko kompyuta.

Lakini ukiona kijani au unga mweupe, usiiwashe hata kidogo. Alkali yenye unyevu hupitisha umeme, na umeme ukipita katikati yake huharakisha kuliwa kwa shaba. Hamu ya kujua kama bado inawaka ni kubwa, naielewa, ila izuie mpaka usafishe.

Vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Miwani si ya kujionyesha: ukikata mguu wa betri uliooza, punje ndogo huruka, na alkali ikiingia jichoni hudhuru vibaya kuliko asidi nyingi. Ikiingia, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na chakula na watoto. Unga unaouona usiupulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, maana kadimiamu ni sumu kwa figo na mapafu. Ufute kwa pamba iliyoloweshwa.

Chomoa waya wa umeme ukutani. Toa kadi zote, ukipiga picha kila hatua. Kumbuka hasa plagi mbili za umeme zinazoingia kwenye mazabodi, P8 na P9: siku ya kuzirudisha, nyaya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati. Ukizibadilisha nafasi unaweza kuua mazabodi uliyoihangaikia. Toa mazabodi nje ya kasha uiweke juu ya kadibodi safi. Piga picha ya betri ikionyesha upande upi una alama ya kujumlisha, au weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika karibu na tundu lake.

Kuna njia mbili za kuitoa. Ya haraka ni kukata miguu yake kwa koleo ndogo ya kukatia, karibu na betri kuliko karibu na mazabodi, kisha kuinyanyua. Kwa mtu asiye na pasi ya solda hiyo yatosha kwa leo; vipande vya miguu vitatolewa na fundi baadaye. Wala usiogope kuikata, kwa kuwa betri hii si sehemu ya njia ya kuwasha kompyuta. Mazabodi nyingi huwaka bila betri yoyote, zikilalamika tu kwamba tarehe na mipangilio imepotea.

Njia ya pili ni kuitoa kwa pasi, nami hata hapo hushauri uikate kwanza. Betri nzima ina miguu miwili au mitatu iliyo mbali, huwezi kuipasha yote kwa pamoja, na ukianza kuivuta huku mguu mmoja umeshika utang'oa duara la shaba lililozunguka kitobo. Ukishaikata, kila kipande cha mguu kinashughulikiwa peke yake. Mguu wa hasi umeungana na tabaka pana la shaba ndani ya mazabodi, ambalo hunyonya joto, kwa hiyo utachukua muda zaidi. Solda iliyoliwa na alkali huwa na ngozi ngumu isiyoyeyuka. Usiisukume kwa nguvu wala kuongeza joto bila kiasi. Kwangua juu yake kwa ncha ya kisu mpaka uone mng'ao, tia fluksi, ongeza solda mpya yenye risasi, na mchanganyiko huo utayeyuka kwa urahisi kuliko solda ya zamani peke yake. Hapo mguu utatoka kwa kibano bila kuvutwa. Kilichobaki kitoboni kifyonze kwa pampu au kwa utepe wa shaba wa kunyonyea solda.

Ukishaitoa, tazama palipokuwa pamefichwa. Hapa kazi halisi inaanza, na hapa ndipo naomba subira yako yote.

Chovya pamba ya masikio kwenye siki nyeupe upake sehemu zote zenye unga au kijani. Utaona mapovu madogo: ni siki ikikutana na kaboneti na kutoa gesi. Mapovu hayo ni kipimo chako. Subiri yaishe, paka tena, sugua taratibu kwa mswaki laini, paka tena. Pale ambapo hayatokei tena, alkali ya juu imetulizwa. Usiloweke mazabodi nzima kwenye beseni la siki kama wengine wafanyavyo. Siki nayo ni asidi, nayo huila shaba iliyo wazi ikiachwa, na ikiingia chini ya soketi na swichi zisizohusika utakuwa umetengeneza tatizo jipya. Siki ya kahawia iache jikoni. Maji ya limau hufanya kazi, lakini yana sukari na nyuzi zinazobaki, kwa hiyo ni ya mtu aliyekosa kingine.

Chipu zilizokaa kwenye soketi karibu na eneo hilo zitoe, hasa ile ya kibodi na ile ya BIOS. Watu wengi husafisha kinachoonekana, wakaacha soketi. Alkali hupenda kujificha chini ya soketi, ambako plastiki inaikinga isikauke, na miezi kadhaa baadaye mazabodi iliyosifiwa kwamba imepona inaanza kugoma. Ukiona miguu ya soketi imeota kijani ndani, usijidanganye kwamba siki itafika kote: ing'oe soketi yote, safisha chini yake, uweke mpya. Soketi ni bei ndogo kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Luthuli Avenue, na kazi yenyewe haizidi saa moja kwa mwenye mkono mtulivu.

Baada ya siki, osha. Maji ya mwisho yawe yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za gari. Soma chupa kwa makini kabla ya kulipa: madukani maji hayo mara nyingine hukaa rafu moja na asidi ya betri, chupa zikifanana, na ukimwaga asidi ile juu ya mazabodi hakuna makala itakayokusaidia. Maji ya bomba yanafaa kwa suuzo la kwanza tu, kwa sababu yana madini yanayobaki yakikauka. Kisha mwagia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ambayo husukuma maji yatoke chini ya chipu. Spiriti ya rangi ya zambarau ina rangi inayobaki, na baadhi ya spiriti za kuoshea ngozi zina mafuta, basi hizo ziepuke. Weka mazabodi mbele ya feni kivulini siku mbili. Jua kali la mchana na jiko havihitajiki.

Ikishakauka, washa taa kali, chukua lenzi ya kukuzia, ufuate njia za shaba moja baada ya nyingine kuanzia palipokuwa na betri. Njia iliyo nyeusi chini ya rangi ya kijani si lazima iwe imekatika. Njia inayoonekana nzima inaweza kuwa imekatika ndani ya kitobo, jicho lisipaone. Ndiyo maana naamini mita, siyo jicho. Weka multimita kwenye mlio, gusa mwanzo wa njia kwenye mguu wa chipu na mwisho wake kwenye mguu wa chipu nyingine. Gusa miguu yenyewe badala ya solda iliyo chini yake, kwa sababu kiungo cha solda nacho huoza. Andika zinazolia na zisizolia.

Anza na kibodi. Tundu la zamani la miguu mitano lina mpangilio usiobadilika: mguu wa 1 ni wa mapigo ya saa, wa 2 ni wa data, wa 4 ni wa ardhi, na wa 5 huleta volti 5. Volti hiyo mara nyingi hupita kwenye fyuzi ndogo au koili iliyo pale pale kwenye eneo la hatari. Ukifuata nyuzi hizo hadi kwenye chipu ya kibodi, umekagua sehemu inayokufa mara nyingi kuliko zote. Kisha fuata njia zinazoelekea kwenye nafasi za kadi na kwenye chipu ya BIOS.

Pale rangi ya kijani ilipovimba au kugeuka nyeusi, ikwangue taratibu kwa kisu au kalamu ya nyuzi za kioo mpaka shaba ing'ae. Ukiiacha imefunika shaba inayooza, umefungia ugonjwa ndani. Unga wa nyuzi za kioo huwasha ngozi na ni mbaya kuuvuta, hivyo fanya eneo likiwa limeloweshwa. Shaba safi ipakwe fluksi na solda nyembamba. Iliyokatika iunganishwe kwa waya mwembamba wenye ganda, kutoka mguu hadi mguu, badala ya kujaribu kuviringisha solda juu ya pengo. Kitobo kilichokufa pitishia waya mwembamba, uulehemu pande zote mbili. Ukimaliza na kuhakikisha kwa mita, funika shaba iliyo wazi kwa rangi maalumu ya mazabodi. Ukiikosa, rangi ya kucha isiyo na vimetameta inatosha kuzuia unyevu.

Mazabodi hizi kwa kawaida zina tabaka nne, mbili za ndani zikiwa za umeme na ardhi. Alkali ikifika huko ndani kupitia kitobo, hakuna mswaki utakaoifikia. Sikufichi: zipo mazabodi ambazo haziponi. Hizo hazifai kutupwa ovyo, kwa sababu chipu zake, soketi na hata kioo cha saa vinaweza kuokoa nyingine.

Siku ya kuwasha, pima kwanza ukinzani kati ya laini ya volti 5 na ardhi, na ya volti 12 na ardhi. Ukisomeka karibu na sifuri, kuna mahali pamegusana. Wakati mwingine ni kapasita ya tantalamu iliyokufa, jambo lisilohusiana na betri kabisa. Pawasaplai nyingi za zamani hutaka mzigo kidogo ndipo ziwake vizuri, basi ziunganishe na hadi diski ya zamani isiyo na kitu muhimu ndani. Weka kadi ya skrini na spika, vingine viache nje. Isikilize. Kwenye BIOS za AMI, milio sita humaanisha chipu ya kibodi haijibu, na sasa unajua pa kurudi. Kadi ya uchunguzi inayosoma namba za bandari ya 80h husaidia sana pale ambapo skrini haitoi kitu, na ni rahisi kuipata.

Sasa betri mpya. Ushauri wangu ni kwamba isirudi juu ya mazabodi, hata iwe ya aina gani. Betri mpya ya kuchaji ya volti 3.6 inapatikana, na itafanya kazi vizuri, na siku moja nayo itavuja mahali pale pale. Tazama kama mazabodi yako ina safu ya pini nne iliyoandikwa EXT BAT au maneno ya namna hiyo. Mazabodi nyingi za 386 na 486 zinayo, na jampa ya kuchagua betri ya nje. Kwa kawaida pini ya 1 ni ya kujumlisha na ya 4 ni ya ardhi, lakini thibitisha ya ardhi kwa mita kabla ya kuamini. Hapo unganisha kisanduku cha betri tatu za AA, jumla volti 4.5, kwa waya mrefu, ukikaze kwa mkanda upande wa chini wa kasha au hata nje yake. Zikivuja, zitachafua plastiki yake tu. Kompyuta ikienda stoo, zitoe.

Kama hakuna pini hizo, watu hupenda betri ya sarafu ya CR2032 ya volti 3. Inafaa, ila ina hatari moja isiyopuuzwa: haichajiwi. Mazabodi inadhani bado ina betri ya kuchaji, na itasukuma umeme kuingia ndani yake. Betri ya lithiamu ikisukumiwa umeme inaweza kuvimba, kuvuja au kupasuka. Weka dayodi katikati, yenye mstari wake ukielekea mazabodi, ili umeme utoke kwenye betri bila kurudi. Dayodi ya aina ya Schottky, mfano 1N5817, hula volti kidogo kuliko ya kawaida, na kwa betri ya volti 3 tu tofauti hiyo huamua kama saa itashika au itapotea. Kisha jiridhishe: washa kompyuta, pima volti kwenye betri, uzime, upime tena. Namba ikipanda kila unapowasha, dayodi imegeuzwa au haifanyi kazi. Itoe betri mara moja. Mipangilio ikipotea hata kwa dayodi nzuri, mazabodi yako inahitaji volti zaidi. Weka betri tatu za AA badala ya ile ya sarafu, dayodi ikibaki pale pale.

Neno fupi kwa wenye mashine za aina nyingine. Amiga 500 Plus ya mwaka 1991 na Amiga 2000 zina betri ile ile ya nikeli na kadimiamu, na yote niliyosema yanazihusu. Macintosh kama SE/30 na Classic zina betri ya lithiamu ya volti 3.6, nusu ya urefu wa AA, iliyokaa kwenye kishikio. Nyingi kati ya hizo, zikipasuka, kemikali yake ikikutana na unyevu hutoa asidi ya hidrokloriki. Kwa hiyo matibabu yake ni kinyume: hapo ndipo baking soda iliyoyeyushwa kwenye maji inapofaa, wala si siki. Kizuri ni kwamba kuitoa hakuhitaji pasi wala koleo. Chipu nyeusi nene ya Dallas, DS1287, ina betri iliyofungwa ndani ya plastiki ngumu. Hiyo huisha bila kuchafua kitu.

Betri uliyoitoa usiichome moto, usiitupe shimoni wala shambani, kwa kuwa kadimiamu hubaki ardhini na kuingia kwenye mazao. Zungushia miguu yake mkanda wa umeme, itie kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, uandike juu yake kilichomo, uihifadhi mbali na watoto mpaka uifikishe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Nairobi kuna WEEE Centre. Kwingine uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri, au kampuni ya simu inayopokea betri chakavu. Pamba, glavu na kadibodi uliyotumia viende pamoja nayo.

Kisha chukua kipande cha karatasi, andika mwezi na mwaka betri ilipotolewa, vipimo vya hadi diski, pini za betri mpya na upande wa kujumlisha, pamoja na kila waya wa kiraka ulioweka unatoka wapi kwenda wapi. Ibandike ndani ya kifuniko cha kasha, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yako. Baada ya miezi sita ifungue mwenyewe, umulike pale pale kwa taa. Ukiona hata chembe ya kijani imerudi, siki na pamba vitoke tena, na safari hii anza na soketi uliyoiacha.